Tepu ya Rimu: Hotuba kwa Mafundi na Waendeshaji wa Baiskeli za Tyublesi

Ndugu mafundi, ndugu waendeshaji, na nyinyi vijana mnaojifunza kazi: karibuni, na ahsanteni kwa kufika mapema.

Ukiacha gurudumu la tyublesi, yaani lisilo na tyubu ndani, limejaa jioni, asubuhi ukalikuta limelala, lawama huanzia kwa tairi. Tairi likionekana zima, inalaumiwa dawa ya kuziba pancha, ile tunayoiita silanti. Silanti ikiongezwa na hali ikabaki ileile, valvu inang'olewa na kununuliwa nyingine. Tepu ya rimu, ule ukanda wenye gundi unaobandikwa kuzunguka rimu ndani ya tairi, haiguswi, kwa kuwa imelala chini ya vyote hivyo na hakuna anayeiona. Leo tutazungumza juu ya tepu peke yake, kwa sababu karakana nyingi hupoteza siku nzima zikitafuta kosa kila mahali isipokuwa pale lilipo.

Tuanze na kazi yake. Kwenye gurudumu la tyubu, kinachoshika upepo ni tyubu. Ule mkanda wa kitambaa au wa mpira ulio juu ya rimu unalinda tu tyubu isichubuliwe na spoki. Ukitoa tyubu, kazi ya kushika upepo inaangukia tairi, rimu, valvu na tepu. Rimu nyingi za leo zina kuta mbili, na ukuta wa juu umetobolewa matundu ya kupitishia nati za spoki, kila tundu likiwa na kipenyo cha milimita 8 au 9 hivi. Rimu ya spoki 32 ina matundu 32, na la valvu la 33. Juu ya kila tundu tepu imetanda hewani kama ngozi ya ngoma, haina kitu chini yake.

Chukueni tundu la milimita 8.5. Eneo lake ni karibu milimita za mraba 57. Ukitia PSI 60 (PSI ni kipimo cha msukumo wa upepo), tepu juu ya tundu hilo moja inabeba msukumo sawa na uzito wa kilo 2.4. Ukitia PSI 25 kama kwenye baiskeli ya milimani, inabeba kilo moja. Inabeba usiku na mchana, kwenye jua, kwenye mtikisiko, miezi na miaka. Tepu dhaifu haipasuki siku hiyohiyo. Inanyooka polepole, inazama ndani ya tundu, pembeni inaachia gundi, na siku moja upepo unapata njia.

Hapo wengi husema silanti itaziba. Haitaziba, na sababu yake ni rahisi. Gurudumu likizunguka, maji ya silanti yanarushwa nje, yanakwenda kwenye kashata za tairi. Ndiyo maana silanti inaziba vizuri tundu la mwiba. Tepu iko upande wa ndani, karibu na ekseli, na kule silanti haikai wakati wa mwendo. Baiskeli ikisimama, silanti inashuka chini na kulowesha sehemu ndogo tu ya rimu. Kwa hiyo tepu lazima izuie upepo yenyewe. Anayeitegemea silanti kuponya tepu mbovu anajaza maji kwenye pakacha.

Zipo rimu zisizohitaji tepu kabisa. Mwaka 1999 kampuni ya Mavic ya Ufaransa, pamoja na Michelin na Hutchinson, walileta mfumo wa tyublesi uitwao UST, ambao ukuta wa juu wa rimu haukutobolewa matundu ya spoki. Mpaka leo zipo rimu za namna hiyo. Ondoa tairi, angalia: ukiona chuma kitupu, kizima, na tundu la valvu tu, usiweke tepu.

Na zipo rimu ambazo hata ukiweka tepu bora hazifai. Rimu za chuma za baiskeli za mizigo, zile kubwa za inchi 28 zenye kipenyo cha milimita 635 pale tairi linapokaa, hazikutengenezwa kwa tyublesi. Hazina kikalio (ngazi ya ndani ya rimu) cha kubana mdomo wa tairi, yaani ukingo wake unaokaa ndani ya rimu, na matairi yake yanakaa kwa kulegea. Ziacheni na tyubu zake. Vilevile baiskeli nyingi za mitumba zinafika na rimu nzuri za alumini ambazo hazina alama yoyote ya tyublesi. Tafuteni maandishi ubavuni mwa rimu: "tubeless ready", "TR" au "TLR". Kama hayapo, na hamwezi kuthibitisha kwa mtengenezaji, ushauri wetu ni mwache tyubu. Tairi likitoka kwenye rimu katika mteremko, anayeumia ni mtu.

Sasa uchaguzi. Tepu inayofaa ina sifa tatu: haipitishi hewa, inavutika kidogo sana na kwa usawa, na gundi yake haiyeyushwi na silanti. Tepu nyingi zinazouzwa kwa kazi hii ni za plastiki ya polipropilini iliyovutwa kiwandani, unene wake ukiwa zaidi kidogo ya milimita 0.1, na gundi ya mpira asilia. Mafundi wengi duniani hutumia tepu ya viwandani ya namna hiyohiyo, kama Tesa 4288 au 4289, inayouzwa kwa roli ndefu ya kufungia mizigo na kwa bei ndogo zaidi kwa kila mita. Hiyo inafaa, ilimradi mpate upana unaotakiwa.

Tepu nyeusi ya umeme msiitumie. Inavutika kama mpira, ikizama kwenye tundu hairudi, na gundi yake ikipata joto inageuka ute. Tepu nene ya kitambaa, ile ya kufungia mabomba, inashika siku za mwanzo, halafu nyuzi zake zinanyonya silanti kutoka pembeni na kuipitisha chini. Ikifika siku ya kuitoa, inaacha gundi ambayo itakula saa nzima ya kusugua. Mkanda wa pamba unapitisha hewa tangu mwanzo. Selotepu ya karatasi hatutaizungumzia.

Upana ndio unaokosewa kuliko yote, kwa hiyo tukae hapa kidogo. Rimu ina kuta mbili za pembeni. Ndani ya kila ukuta kuna kikalio, yaani ngazi nyembamba ambayo mdomo wa tairi unakalia. Katikati, baina ya vikalio viwili, kuna mfereji, ambao unasaidia tairi kuvalika: mdomo ukishuka mferejini unapata nafasi ya kuvuka ukuta upande wa pili. Tepu inatakiwa ifunike mfereji na vikalio vyote viwili, na ikome pale ukuta unapoanza kupanda. Hivyo mdomo wa tairi unaikandamiza pembeni kote, na kingo zake zinakuwa zimebanwa.

Tepu ikiwa nyembamba, kingo zake zinaishia kwenye mteremko wa mfereji, mahali ambapo hakuna kinachozibana, na silanti inaingia chini. Tepu ikiwa pana mno, inapanda ukutani. Mdomo wa tairi ukiruka kwenda kukaa unaikunja, na mkunjo huo ni mfereji mdogo wa kutolea upepo. Kwenye rimu zenye kingo za kunasa, yaani ndoano ndogo juu ya ukuta inayoshika mdomo wa tairi, tepu iliyopanda hata inaweza kuuzuia mdomo usikae sawasawa.

Kanuni ya haraka ni kuchukua upana wa ndani wa rimu na kuongeza milimita 2 hadi 5. Upana wa ndani mara nyingi umeandikwa kwenye rimu: ukisoma 622x25, basi 622 ni kipenyo cha kikalio na 25 ni upana wa ndani, na tepu yenu ni ya milimita 27 hadi 30. Kinachoongeza hizo milimita ni mfereji: tepu haipiti moja kwa moja kutoka ukuta hadi ukuta, inashuka na kupanda. Rimu yenye mfereji wa kina inataka tepu pana kuliko rimu bapa ya upana uleule. Kwa hiyo kipimo cha kuaminika ni hiki: kata ukanda mwembamba wa karatasi, uulaze kukatisha rimu kutoka ukuta hadi ukuta, ukandamize kwa kidole ufuate kila kona, utie alama kwa kalamu, uunyooshe juu ya rula. Chagua tepu yenye upana huo au pungufu kwa milimita 1 au 2. Madukani mtakuta 21, 25, 27, 30, 33 na 36. Ukikosa upana kamili, ni heri tepu mbili nyembamba zinazopishana, moja ikiegemea kushoto na nyingine kulia, kuliko moja pana kukatwa kwa wembe. Ukingo uliokatwa kwa mkono unaanza kuchanika hapohapo.

Tabaka ngapi? Kwa magurudumu ya milimani na ya changarawe yanayotembea na upepo mdogo, tabaka moja la tepu nzuri linatosha. Kwa matairi membamba ya barabarani yanayotiwa PSI 50 na zaidi, wekeni mawili. Lakini kila tabaka linalopita chini ya mdomo linakuza kikalio. Tabaka mbili za milimita 0.15 zinaongeza kipenyo kwa milimita 0.6, na mzunguko kwa karibu milimita 2. Tairi ambalo lilikuwa linabana litakuwa shida kulivalisha. Tairi ambalo lilikuwa linacheza litakaa vizuri zaidi. Kama mtengenezaji wa rimu ameandika idadi ya tabaka, fuateni yake.

Urefu: rimu ya 622 inakula mita 1.9 na kitu kwa mzunguko mmoja. Ukiongeza pishano, hesabu mita 2.2 kwa tabaka moja na mita 4.2 kwa mawili. Roli ya mita 10 inatosha magurudumu manne ya tabaka moja, au mawili ya tabaka mbili na salio. Rimu za 584 na 559 zinakula pungufu kidogo.

Kabla ya kubandika, rimu isafishwe, na hapa ndipo haraka inapoharibu kazi. Toa tepu ya zamani na gundi yake yote. Pitisha kidole kwenye kila tundu la spoki. Ukihisi ncha ya chuma, ilainishe kwa msasa laini. Angalia kama kuna spoki iliyotokeza juu ya nati yake, kwani itaitoboa tepu kutoka chini. Nyoosha rimu sasa, maana tepu ikishabandikwa na nati ikavunjika, utaanza upya. Kisha osha kwa maji na sabuni, acha ikauke kabisa pamoja na maji yaliyoingia ndani ya matundu, halafu futa kwa spiriti safi na kitambaa kisichotoa nyuzi, mara mbili, ukigeuza kitambaa. Petroli isitumike, inaacha mafuta. Spiriti yenye rangi nayo inaacha masalio. Baada ya hapo usiguse kitanda cha rimu kwa vidole, kwa sababu jasho na mafuta ya mkono yanatosha kuinyima gundi mshiko.

Funga gurudumu kwenye stendi, au pindua baiskeli na ulirudishe kwenye fremu. Anza kubandika sentimita 10 kando ya tundu la valvu, zunguka, pita juu ya tundu, na umalizie sentimita 10 upande wa pili. Hivyo valvu inapita kwenye tabaka mbili, na miisho ya tepu iko mbali nayo. Wapo mafundi wanaoanzia upande ulio mkabala na valvu ili shina la valvu likae mahali pembamba. Kama valvu yenu ina mpira mpana wa chini na rimu ni finyu, wana hoja. Kwa rimu nyingi sisi tunapendelea njia ya kwanza.

Vuta. Hili ndilo neno moja la kazi hii. Shika roli kwa mkono mmoja, uivute kwa nguvu kama unavyofunga mzigo kwa mpira kwenye keria, na nguvu iwe ileile mwanzo hadi mwisho. Mkono wa pili, dole gumba linafuata nyuma likikandamiza, kwanza katikati ya mfereji, halafu kutoka katikati kwenda pembeni. Mpangilio huo una hesabu nyuma yake. Mfereji ukiwa na kina cha milimita 3, mzunguko wa kikalio unauzidi mzunguko wa mfereji kwa karibu milimita 19. Tepu ni moja na urefu wake ni mmoja. Kwa hiyo kingo zake lazima zivutike hizo milimita 19 zaidi ya katikati, kama asilimia moja. Ukibandika bila kuvuta, au ukikaza vikalio kwanza, katikati inabaki na ziada isiyo na pa kwenda. Inainuka kama daraja juu ya mfereji. Siku ya kuvalisha tairi, mdomo unashuka kwenye daraja hilo na kulipasua.

Mkibakiwa na kipovu kidogo juu ya kikalio, kikandamizeni kwa kitambaa kikavu kikisogezwa kuelekea pembeni. Kipovu kikubwa, au mkunjo unaotoka ukingoni hadi kwenye tundu la spoki, hakitibiki. Ng'oa, anza tena. Tepu ya mita mbili ni rahisi kuliko tairi lililojaa silanti kufunguliwa njiani.

Tundu la valvu litobolewe dogo. Tafuta katikati yake kwa kidole, kisha choma kwa uma wa fundi viatu, au msumari mwembamba uliopashwa moto. Ncha ya moto inayeyusha plastiki na kuacha ukingo wa mviringo usiochanika. Usikate msalaba kwa kisu. Kila pembe ya msalaba ni mwanzo wa mpasuko, na shina la valvu likisukumwa mpasuko unakimbia mpaka nje ya mpira wa valvu. Sukuma valvu kutoka upande wa tairi, tepu ishikwe kwa nguvu kuzunguka shina. Hakikisheni umbo la mpira wa chini linalingana na rimu: wa koni kwa mfereji wa mviringo, wa pembe nne kwa mfereji bapa. Nati ikazwe kwa vidole. Ikikazwa kwa koleo, inauvuta mpira ndani ya tundu na kuikata tepu, na siku ya pancha njiani mwendeshaji hataweza kuifungua ili atie tyubu.

Turudi nyuma kidogo: baada ya kutoboa tundu ipo hatua ambayo wengi huiruka, nasi tunaiomba kwa msisitizo. Kabla ya kuweka ile valvu, vaa tairi na tyubu ya kawaida, tia PSI 40 hivi bila kuzidi kikomo kilichoandikwa kwenye tairi au rimu, na uache usiku mzima. Tyubu inaikandamiza tepu kila mahali kwa nguvu sawa, mfereji mzima, kazi ambayo dole gumba haliiwezi. Asubuhi fungua mdomo wa upande mmoja tu, toa tyubu, weka valvu. Upande wa pili tayari umekaa, na hata pampu ya mguu inaweza kutosha kuukalisha uliobaki.

Mnapokalisha tairi, ondoeni kiini cha valvu ili upepo uingie kwa wingi, na pakeni midomo maji ya sabuni. Rimu zisizo na kingo za kunasa zina kikomo cha baa 5, yaani PSI 72.5, na baadhi ya watengenezaji wanaweka chini ya hapo. Msikipite hata kwa dakika moja ya kukalisha tairi kwa kompresa. Jaribuni kwanza pakavu, bila silanti. Gurudumu likishika upepo kwa saa kadhaa likiwa kavu, tepu ni nzima. Hapo ndipo mtie silanti kwenye valvu: mililita 30 hadi 45 kwa tairi la barabarani, 60 kwa la changarawe la milimita 40, 90 hadi 120 kwa la inchi 29. Penye joto kali ikaguliwe kila miezi miwili au mitatu.

Sasa tuseme kazi imefanyika na upepo unapungua. Chukua maji ya sabuni, paka gurudumu zima, na usome povu. Povu likitoka kwenye ncha ya valvu, kiini kimelegea au kimechafuka. Likitoka baina ya tairi na rimu, ni mdomo au rimu iliyobonyea. Likitoka kwenye nati za spoki, au kwenye kitundu kidogo cha kutolea maji, au kwenye kiungio cha rimu, hiyo mara nyingi ni tepu.

Penye utata ni povu linalotoka chini ya valvu, kuzunguka nati yake. Kila mtu anasema valvu. Lakini rimu ya kuta mbili ni bomba tupu. Upepo ukipenya kwenye tundu la spoki lililo mkabala na valvu, unasafiri ndani ya bomba na kutokea kwenye mwanya mkubwa uliopo, ambao mara nyingi ni tundu la valvu. Vivyo hivyo, nati ya spoki inayotoa povu haikuambii kwamba tepu imepasuka juu yake. Inakuambia tu kwamba upepo unaingia ndani ya rimu mahali fulani. Kwa hiyo kubadilisha valvu kabla ya kuangalia tepu ni kubahatisha. Fungua tairi, futa silanti, tazama tepu penye mwanga wa pembeni. Tafuta ukingo ulioinuka, doa jeupe la silanti chini ya plastiki, alama ya tairi leva (kifaa cha kubandulia tairi), au tundu la spoki lililozama kuliko wenzake. Alama ya leva ni ya kawaida sana. Valisheni tairi mkianzia mkabala na valvu na kumalizia kwenye valvu, midomo ikiwa mferejini, na leva haitahitajika.

Watu huuliza kama kiraka kinafaa. Kiraka kifupi kina miisho miwili na kingo mbili mpya, zote zimelala juu ya plastiki iliyoloweshwa na silanti. Kitakufikisha nyumbani. Baada ya hapo, vua tepu yote. Usiache hali hiyo kwa wiki, kwa sababu silanti nyingi zina amonia, na ikikaa ndani ya rimu inakula nati za alumini mpaka zinavunjika kwa mkono.

Kuvua tepu ya zamani: pasha kidogo kwa jua au kwa kikaushia nywele, vuta polepole ukiirudisha nyuma juu ya yenyewe, usiinyanyue wima. Gundi iliyobaki ilainishwe kwa mafuta, ioshwe kwa sabuni, imaliziwe kwa spiriti. Kwenye rimu za kaboni msitumie thina, wala ncha ya kisu. Tepu iliyowekwa vizuri inaweza kudumu miaka. Hakuna haja ya kuibadilisha kila mnapobadilisha tairi, ila ikagueni kila mnapolifungua.

Rimu nne ziko mezani, mbili za 622x25, moja ya 584 na moja ya barabarani. Roli za 27 na 30 zipo, spiriti ipo, karatasi ya kupimia ipo. Wanaoanza wachukue zile mbili za kwanza. Anzeni kwa kupitisha kidole kwenye matundu ya spoki. Kwenye rimu moja kuna ncha, tunataka muitafute.